Kilomita 5 za kwanza: mwongozo kamili wa wiki 10 kwa anayeanza toka sifuri

Kama umeshajiandikisha mbio za kilomita 5, au unataka kujiandikisha ila ukipanda ngazi mpaka ghorofa ya pili tu unahema, haya yote nimeyaandika kwa ajili yako. Naandika nikiwaza mtu wa Dar zaidi maana ndo mazingira ninayoyajua, joto lake, lami yake, bodaboda zake, lakini ukiwa Mwanza, Mombasa au Bujumbura utabadilisha vitu viwili vitatu, mwili ni uleule.

Nianze na jambo ambalo ukilishika hata mengine yote ukisahau utafika: kimbia polepole. Yani polepole kuliko unavyodhani sasa hivi. Wengi wanaoanza jogging Jumatatu na kuacha Ijumaa siyo wavivu hata kidogo, siku ya kwanza walitoka kama mtu anayekimbilia daladala inayoondoka, dakika 2 pumzi zikakata, vigimbi vikauma siku tatu, wakajiambia mimi na mbio hatuendani. Hakuna aliyewaambia kwamba ile kasi wangeihitaji labda mwezi wa tatu wa mazoezi.

Kipimo cha polepole hakihitaji saa ya bei. Ongea. Unapokimbia uweze kumsimulia mwenzako habari za mechi ya jana kwa sentensi nzima nzima bila kukatika katikati, ukiona maneno yanatoka mawili mawili umeshazidisha, punguza. Ukiwa peke yako sema kwa sauti jina lako, mtaa unaokaa na unachoenda kupika leo, kama imetoka yote kwa pumzi moja uko sawa. Na usione aibu kupitwa na mtu anayetembea haraka. Kule Iten, Kenya, mji ulioko mita kama 2,400 juu ya usawa wa bahari ambako wakimbiaji toka dunia nzima wanaenda kujinoa, siku za mazoezi mepesi wale mabingwa wanaanza taratibu mno, wanajikokota kabisa, kasi inakuja yenyewe mwili ukishapata moto. Sasa kama wao wanafanya hivyo, wewe wa wiki ya kwanza unaharakia nini.

Sababu yake ni hii. Moyo na mapafu vinazoea mazoezi mapema, ndani ya wiki chache tu utaona tofauti. Kano zinazoshika misuli kwenye mfupa, na mifupa yenyewe, vinahitaji miezi. Kwa iyo inafika wiki ya nne unajisikia simba, pumzi ipo, unataka kuongeza, ila miguu bado haijajengeka, na hapo ndipo watu wanapoanza kuumwa ugoko na visigino. Kwenda polepole kunaipa miguu nafasi ya kufikia pale pumzi ilipo.

KABLA YA KUTOKA NJE

Nenda kapime kwanza kama una miaka 40 na kuendelea na hujafanya mazoezi muda mrefu, au una presha, sukari, pumu, shida ya moyo, ni mjamzito au umejifungua karibuni. Mwenye siko seli huyu asianze ratiba yoyote ya kwenye mtandao bila daktari wake, maana kuishiwa maji, joto na kujichosha kupita kiasi kunaweza kumletea maumivu makali. Mwenye pumu atembee na dawa yake ya kuvuta mfukoni kila siku ya mazoezi, hata iwe dakika 20.

Na hili la malaria huwa halisemwi kwenye ratiba za wenzetu wa nje, sisi lazima tuliseme. Ukiwa na homa usikimbie, kabisa, usidanganywe kwamba utatoa jasho ipone. Ukishamaliza dozi subiri nguvu zirudi, ule vizuri, alafu rudi nyuma wiki moja au mbili kwenye ratiba maana malaria inapunguza damu na utajikuta unahema kwa kazi ambayo mwezi uliopita ulikuwa unaifanya unaongea. Dada zetu pia, ukiona umechoka muda wote, kizunguzungu, moyo unakwenda mbio hata ukitembea, kapime wingi wa damu kabla ya kujilaumu kwamba huna mazoezi.

RABA

Hapa ndo pa kuweka hela, fulana na kaptula vyovyote vitafaa. Unahitaji raba za kukimbilia, siyo zile za fasheni zenye soli bapa ngumu na siyo za kuchezea mpira. Dukani mpya ni bei, na wengi wetu tunaishia mitumbani, Karume pale Ilala ukienda asubuhi mapema mzigo ukifunguliwa unaweza kupata kitu kizuri sana, au Memorial kwa walioko Moshi. Ila mtumba una namna ya kuukagua. Geuza uangalie soli, ikiwa imelika upande mmoja hadi kulainika iache, aliyeivaa kabla yako alikuwa anakanyaga kwa namna yake na itakulazimisha ukanyage hivyohivyo. Iweke juu ya meza uitazame kwa nyuma, isimame wima, isilale ndani wala nje. Bonyeza sponji ya kisigino kwa dole gumba, inatakiwa ibonyee kidogo na irudi, ikiwa ngumu kama ubao imekufa hata kama kwa juu inang'aa. Kunja raba, ikunjike pale vidole vinapokunjika, siyo katikati ya unyayo.

Kuhusu saizi, nenda kajaribu jioni maana miguu ya jioni imevimba kidogo kama itakavyovimba ukikimbia. Vaa na soksi utakazokimbilia. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Ikikubana dukani itakubana barabarani, muuzaji atakwambia itatanuka, usimsikilize. Na ununue mapema, wiki ya kwanza au ya pili, siku ya mbio raba isiwe mpya.

Kina dada, sidiria ya michezo inayoshika vizuri ni ya lazima kama raba zilivyo, siyo anasa. Anayevaa hijabu achague kitambaa chepesi kinachokauka haraka. Na kila mtu awe na kopo la mafuta mgando, paka katikati ya mapaja, makwapani, wanaume na chuchu, msuguano wa jasho unachubua vibaya ukifika dakika ya 30.

WAPI NA SAA NGAPI

Dar muda ni alfajiri. Ukiwa barabarani saa 12 kasoro unamaliza kabla jua halijachachamaa. Jioni saa 12 napo siyo mbaya ila lami inakuwa bado inatoa joto na magari ni mengi. Kuanzia Desemba mpaka Machi joto na unyevu wa Pwani vinaongeza kazi ya moyo kwa kasi ileile, kwa iyo ukiona umekuwa mzito kuliko mwezi wa saba usidhani umerudi nyuma, punguza mwendo tu. Juni hadi Agosti, kipupwe, ndo msimu mtamu kuliko wote wa kuanza, kama una uhuru wa kuchagua anza hapo.

Tafuta udongo uliogongwa au nyasi fupi kwa angalau siku moja ya wiki, uwanja wa shule ni mzuri sana. Uwanja rasmi wa riadha mzunguko mmoja njia ya ndani ni mita 400, kwa iyo kilomita 5 ni mizunguko 12 na nusu. Uwanja wa mpira wa vipimo vya kimataifa, mita 105 kwa 68, ukizunguka mistari yake ni mita 346, ila viwanja vya mitaani havina vipimo hivyo basi tumia programu ya simu kama Strava ikupimie. Watu wa Masaki, Oysterbay, Upanga na Kinondoni mna Daraja la Tanzanite, lilifunguliwa 2022, lina urefu wa kilomita moja na kidogo na njia za waenda kwa miguu, kwenda na kurudi una kilomita 2 safi, japo upepo wa bahari siku nyingine utakurudisha nyuma na huo nao ni mazoezi.

Barabarani kimbia upande wa kulia, ukitazamana na magari, sisi Tanzania tunaendesha kushoto kwa iyo ukiwa kulia unaiona bodaboda inayokuja. Sikio moja liwe wazi kama unasikiliza muziki. Giza likiwepo vaa rangi inayong'aa. Simu usiishike mkononi, mfuko wa kiunoni ni bora, vibaka wa pikipiki wapo. Na kama kuna jogging klabu mtaani kwenu jiunge nayo, Dar hii karibu kila kata inazo, ila mwambie kiongozi mapema kwamba unaanza, usivutwe na wale wa mbele wanaopiga kilomita 10 huku wakiimba. Kwa mwanamke anayetoka alfajiri klabu au mwenza wa kukimbia naye ni jambo la usalama, siyo la kupenda tu.

RATIBA YENYEWE

Siku 3 za kukimbia kwa wiki, katikati yake siku moja ya kupumzika. Mfano Jumanne, Alhamisi, Jumamosi. Usiunganishe siku mbili mfululizo kwa sababu eti ulikosa Jumanne, iliyokosekana imekosekana. Kila siku anza kwa kutembea haraka dakika 5, ndo kupasha kwenyewe, zungusha mabega, nyonga na vifundo vya miguu, alafu maliza kwa kutembea taratibu dakika 5. Kunyoosha misuli kwa kuishikilia fanya mwishoni ikiwa na moto, siyo mwanzoni ikiwa baridi.

Wiki ya 1: kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara 8. Itaonekana ndogo. Iache iwe ndogo.

Wiki ya 2: kimbia 2, tembea 2, mara 6.

Wiki ya 3: kimbia 3, tembea 2, mara 5.

Wiki ya 4 hatuongezi kitu. Rudia ya wiki ya 3 lakini mara 4 badala ya 5. Hii ndo ile wiki niliyosema pumzi imeanza kuja na mtu anataka kuruka hatua, naomba sana usiruke, mwili unajengeka wakati umepumzika na siyo wakati unakimbia, mazoezi yanaomba tu, usingizi na chakula ndo vinajenga.

Wiki ya 5: kimbia 5, tembea 2, mara 4. Siku ya kwanza ya wiki hii wengi wanaogopa dakika 5. Ukiona inakushinda dakika ya 3, jibu ni lilelile, ulianza kwa kasi. Jaribu Alhamisi ukianza taratibu hadi uone aibu kwa mwendo wako.

Wiki ya 6: kimbia 8, tembea 2, mara 3.

Wiki ya 7: Jumanne na Alhamisi kimbia 12, tembea 2, kimbia 12. Jumamosi kimbia 15, tembea 2, kimbia 10.

Wiki ya 8: hapa kutembea kunaondoka. Jumanne dakika 20 mfululizo, Alhamisi 20, Jumamosi 25. Ile Jumanne itakuwa siku ya furaha sana, nimewaona watu wazima kabisa wakitokwa machozi baada ya dakika 20 za kwanza maishani mwao bila kusimama, na wana haki.

Wiki ya 9: Jumanne 25. Alhamisi 20, na ukimaliza tafuta sehemu tambarare ukimbie kwa kasi nzuri mita 60 hadi 80, mara 4, siyo kwa nguvu zote, ukitembea kurudi kila mara, hii inaikumbusha miguu namna ya kurusha hatua. Jumamosi dakika 35, ndo mbio ndefu kuliko zote kwenye ratiba. Wala si lazima zifike kilomita 5 kamili, zilizobaki siku yenyewe zitabebwa na watu na shangwe.

Wiki ya 10, wiki ya mbio: Jumanne 20 nyepesi, Alhamisi 10 hadi 15 nyepesi sana, Ijumaa pumzika, wikendi mbio.

Ukiugua au ukisafiri ukakosa wiki nzima, rudi wiki moja nyuma. Ukikosa wiki mbili rudi mbili. Kwa iyo usianze ratiba ya wiki 10 zikiwa zimebaki wiki 10 kamili, jipe 12. Mfano Kilimanjaro Marathon ya Moshi, iliyoanza 2003 na ambayo huwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, ina kilomita 5 pia pamoja na 21 na 42, anayelenga hiyo aanze mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, na ahesabu kabisa kwamba sikukuu za Krismasi na mwaka mpya zitakula siku kadhaa.

Ramadhani ikiangukia katikati usiongeze dakika mwezi ule, shikilia ulipofika. Kimbia nyepesi dakika 20 hivi ukimaliza karibu kabisa na magharibi ili ufuturu papo hapo, au masaa 2 baada ya futari. Mchana wa jua ukiwa umefunga, hapana.

Siku mbili kati ya zile za kupumzika weka dakika 10 za nguvu nyumbani. Simama ukingoni mwa ngazi ukinyanyuka kwa vidole na kushuka taratibu, mara 15, rudia mara 2, hiyo ni kinga ya vigimbi na visigino. Chuchumaa na kusimama mara 12, rudia mara 2. Lala kifudifudi ujiinue kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili unyooke, sekunde 20 hadi 30, mara 3. Basi. Hakuna haja ya jimu.

NAMNA YA KUKIMBIA

Sitaki kukujaza mambo hapa. Hatua fupi fupi, mguu utue chini ya mwili wako na siyo mbali mbele, mabega yalegee, viganja kama umeshika kitu laini usichotaka kukivunja, macho mbele mita 20 hivi. Pumua kwa pua na mdomo vyote pamoja, hayo ya kufunga mdomo yanawatesa watu bure. Kwenye mlima punguza hatua na usijali saa, wa Mlimani chuo kikuu mnajua ninachosema.

MAUMIVU

Kuna kuuma na kuna kuumia. Misuli kuuma siku ya pili yake, pande zote mbili sawa, mapaja na vigimbi vizito, hiyo ni kawaida na inaisha kwa kutembea. Maumivu ya sehemu moja unayoweza kuigusa kwa kidole, ya mguu mmoja, yanayozidi kadiri unavyokimbia au yanayokufanya uchechemee, hayo ni kuumia, simama. Pumzika siku 3 hadi 5, jaribu tena kidogo, yakirudi nenda hospitali. Usimeze dawa ya maumivu ili uweze kukimbia, unazima kengele huku moto unawaka.

Ugoko ndo unaosumbua wanaoanza kuliko vyote, mfupa wa mbele wa mguu upande wa ndani unauma ukiubonyeza. Karibu mara zote ni kuongeza haraka, au raba zilizokufa, au lami tupu kila siku. Rudi wiki mbili, hamia udongoni, endelea na zile za vidole kwenye ngazi pale maumivu yakitulia. Ukiona unauma hata usiku umelala, au maumivu yake yamekaa sehemu ndogo moja kwenye mfupa, usikimbie kabisa, inaweza kuwa ufa kwenye mfupa.

Kichomi cha ubavuni kikikubana punguza mpaka kutembea, bonyeza pale, toa pumzi ndefu mpaka tumbo liingie ndani, kinaachia. Kinakuja zaidi ukila karibu na mazoezi au ukianza kwa kasi.

Na haya hayana mjadala: kifua kubana au kuuma, maumivu yanayopanda shingoni au mkononi, kuzimia au kutaka kuzimia, mwili kuwaka huku kichwa kikichanganyikiwa, hata kama jasho bado linatoka. Simama, kaa kivulini, ita mtu, nenda hospitali hapohapo.

KULA NA KUNYWA

Kilomita 5 hazihitaji vinywaji maalum wala unga wa kwenye makopo. Kula chakula chako cha kawaida kiwe na wanga wa kutosha, ugali, wali, viazi, ndizi, ongeza dagaa, maharage, mayai na mboga za majani, matembele na mchicha vinasaidia damu. Wakimbiaji wa Kenya ugali hauwatoki mezani na wanaitesa dunia.

Ukikimbia alfajiri dakika 20 hadi 30 unaweza kutoka na tumbo tupu na maji nusu glasi, kama huwezi basi ndizi mbivu moja. Ukikimbia jioni acha masaa 2 hadi 3 toka chakula kizito. Vya kukaa navyo mbali kabla ya kukimbia ni chapati na maandazi ya mafuta, supu nzito, maharage na maziwa mengi, tumbo litakuvuruga njiani na vyoo barabarani hakuna.

Maji kunywa siku nzima kidogo kidogo, mkojo uwe wa manjano iliyopauka. Kujaza lita mbili nusu saa kabla ya kutoka hakusaidii. Ukitoka jasho jingi, dafu moja baada ya mazoezi linatosha, au maji na chakula chenye chumvi kiasi.

WIKI NA SIKU YA MBIO

Chukua namba na fulana siku zilizotangazwa, usisubiri asubuhi ya mbio. Hapa kwetu karibu kila mtu anavaa ile fulana ya mbio siku hiyo, sawa, ila ukiipata mapema ifue na uijaribu Alhamisi kwenye zile dakika 10, zingine zinakwaruza kwapani vibaya. Anayesafiri kwa basi toka Dar hadi Moshi aende siku moja au mbili kabla, ukishuka tembea dakika 15 miguu ifunguke, usilale moja kwa moja.

Usiku wake usingizi unaweza kugoma, haina neno, usiku muhimu ni ule wa kabla ya huo. Panga vitu vyote sehemu moja, namba imeshabanwa na pini nne kifuani. Amka masaa 2 na nusu kabla, kula ulichozoea, chai na mkate, ndizi, au kiazi kitamu cha kuchemsha, usijaribu kitu kipya. Fika saa moja kabla, barabara zinafungwa na bodaboda inaweza kukushusha mbali, na foleni ya choo ni ndefu.

Simama nyuma. Mbele waache wenye kasi zao na watoto, maana watoto watachomoka kama mshale na mita 300 utawakuta wanatembea. Bunduki ikilia au kengele ikigongwa umati wote utatoka kwa kasi, muziki unapiga, mwili umejaa msisimko, na kasi ambayo ni kubwa mno kwako utaihisi nyepesi kabisa. Hapa ndo wiki zako zote 10 zinapimwa. Kilomita ya kwanza iwe ya polepole kuliko zote. Kama mazoezini ulikuwa unakwenda kilomita kwa dakika 8, basi lengo lako ni dakika 40, igawe hivi: ya kwanza dakika 8 na sekunde 15, ya pili, ya tatu na ya nne dakika 8 kila moja, ya mwisho dakika 7 na sekunde 45. Ukiigawa hivi kuanzia kilomita ya tatu utakuwa unapita watu badala ya kupitwa, na hakuna dawa ya uchovu inayoshinda hiyo.

Utaniambia wapo walioanza kwa kasi wakashinda. Filbert Bayi, mkimbiaji wetu wa Tanzania, kweli aliongoza toka mwanzo mpaka mwisho kule Christchurch 1974 akaweka rekodi ya dunia ya mita 1,500, dakika 3 sekunde 32.2, lakini alifanyia mazoezi kukimbia hivyo miaka. Mtazame Alphonce Simbu, naye Mtanzania, Tokyo Septemba 2025, marathoni ya mashindano ya dunia, masaa 2 dakika 9 sekunde 48, muda uleule na Amanal Petros wa Ujerumani aliyekuwa wa pili, medali ya dhahabu ikaamuliwa pale kwenye utepe. Mtu alikimbia kilomita 42 na bado akawa na kitu mfukoni kwa ajili ya hatua za mwisho, kitu hicho hakibaki kama umekimaliza mwanzoni.

Meza ya maji usisimame ghafla mbele ya wenzako, sogea pembeni, tembea hatua 20, kunywa mafunda mawili, chupa weka pembeni siyo katikati ya njia mtu akateleza. Ukishikwa, tembea dakika 1 kisha kimbia tena, haifuti mbio zako hata kidogo, umefanya hivyo wiki saba za mazoezi. Kilomita ya nne ndo ngumu kwa wengi, msisimko umeisha na mwisho hauonekani, chagua mtu mmoja mwenye mwendo kama wako ukae nyuma yake. Ukiuona mwisho, mita 200 hivi, hapo toa kilichobaki.

Ukivuka usikae chini wala kuinama, endelea kutembea dakika 10, damu iliyoko miguuni irudi, wengi wanaoanguka wanaanguka baada ya utepe. Kunywa, badilisha fulana iliyolowa, kula chakula kamili ndani ya saa moja au mbili. Kesho yake tembea tu dakika 20 hadi 30, keshokutwa ndo vigimbi vitauma zaidi kwa iyo usishangae kushuka ngazi kwa upande. Siku ya nne au ya tano, kama hakuna sehemu inayochoma, toka dakika 20 za kuongea. Wiki mbili za namna hiyo kwanza, alafu ndo ufungue kalenda uangalie kama unarudia kilomita 5 au unaanza kujenga kuelekea 10, ukiongeza dakika 5 tu kwenye ile mbio ndefu ya Jumamosi na siku zingine mbili ukiziacha zilivyo.